Mshahara humleta mfanyakazi, saa humwondoa

WAFANYABIASHARA wengi huandika kwenye daftari hasara ya mali iliyoharibika, deni lisilolipwa na mzigo uliopotea njiani. Hasara moja ambayo ni wachache wanaoiandika ni ile ya mfanyakazi aliyekwisha kuijua kazi, kisha akaaga na kuondoka.

Hasara hiyo haichagui ukubwa wa biashara. Inamkuta mwenye duka la pembejeo mwenye kijana mmoja wa kuuza, na imeikuta Amazon ya Marekani, kampuni inayouza bidhaa kwa njia ya intaneti, ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 1.5 duniani.

Kampuni hiyo ilianzishwa na Jeff Bezos mwaka 1994 katika jimbo la Washington, na ilianza kuuza vitabu Julai 1995. Leo inauza karibu kila kitu, kuanzia viatu hadi chakula cha mbwa. Mteja hubonyeza kitufe nyumbani kwake, na ghalani kuna mtu anayeitafuta bidhaa hiyo, mwingine anayeifungasha na mwingine anayeipakia kwenye gari.

Kwa kuwa watu hao ni wengi, na malalamiko yao yamefika mahakamani, kwenye vyombo vya kutunga sheria na magazetini, kwao yanaonekana wazi mambo ambayo katika duka dogo hufichika. Na jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba wanachokipenda na wanachokichukia ni vitu viwili tofauti. Wanasifu malipo. Wanalalamikia muda.

Sifa zinazostahili

Si haki kudai kwamba ajira hiyo haina jema lolote. Kuanzia Novemba 1, 2018 Amazon ilipandisha kima chake cha chini nchini Marekani hadi dola 15 kwa saa, wakati kima cha chini cha serikali kuu ya nchi hiyo, kilichowekwa mwaka 2009, ni dola 7.25. Septemba 2024 kampuni ilitangaza kuwa wastani wa malipo ya msingi ya watu wa ghalani na wasafirishaji umevuka dola 22 kwa saa.

Aidha, mfanyakazi wa muda wote hupata bima ya afya tangu siku ya kwanza. Katika nchi ambayo kulazwa siku chache kunaweza kummaliza mtu akiba yake yote, jambo hilo si dogo. Mwaka 2015 kampuni ilitangaza likizo ya uzazi yenye malipo inayofikia wiki 20 kwa mama aliyejifungua, wakati sheria ya Marekani kwa nchi nzima hailazimishi likizo ya uzazi yenye malipo kwa waajiri binafsi.

Kuna pia urahisi wa kuingia. Kazi nyingi za ghalani hazihitaji cheti cha shule wala usaili mrefu. Kijana ambaye hajawahi kuajiriwa na mama aliyekaa nyumbani akilea watoto kwa miaka kadhaa wanaweza kuomba leo na kuanza kazi baada ya muda mfupi.

Vilevile upo mpango wa masomo ulioanzishwa mwaka 2012, ambao kampuni huwalipia ada watu wa ghalani, hata kwa fani zisizohusiana na biashara yake. Mpakia mizigo anaweza kusomea uuguzi au udereva wa malori, akijua kwamba akihitimu atakwenda kufanya kazi kwingine.

Katika barua yake kwa wanahisa iliyotolewa Aprili 2021, Bezos aliandika kuwa asilimia 94 ya wafanyakazi walisema wangemshauri rafiki kuja kufanya kazi hapo. Takwimu hiyo ni ya kampuni yenyewe, lakini haina sababu ya kubezwa. Mtu aliyetoka kulipwa dola tisa akaanza kulipwa 15 ana haki ya kushukuru.

Hata hivyo, katika barua hiyo hiyo Bezos alikiri kuwa kampuni inapaswa kuwafanyia wafanyakazi wake mambo mema zaidi. Ikiwa malipo ni mazuri hivyo, tatizo liko wapi?

Ngwe isiyo na mwisho

Mkulima anayeajiri vibarua anajua tofauti ya kulipa kwa siku na kulipa kwa ngwe. Kibarua wa ngwe hupimiwa kipande chake, na akikimaliza saa nne asubuhi, jua bado halijawa kali, huchukua jembe lake akaenda zake. Haraka yake ni faida yake mwenyewe. Mchumaji wa kahawa naye hulipwa kwa debe, hivyo akiongeza kasi anaongeza pesa.

Ghala la Amazon limechukua ugumu wa mifumo yote miwili bila kuchukua nafuu yake. Mfanyakazi hulipwa kwa saa, lakini hupimwa kwa wingi wa vitu anavyoshughulikia. Akifanya haraka haendi nyumbani mapema. Zamu, ambayo mara nyingi ni ya saa 10, inabaki ile ile, na kitu kinachofuata kimeshafika mbele yake.

Kazi yenyewe husimamiwa na mashine ndogo ya kusomea alama za bidhaa. Kila anaposoma alama, kompyuta hujua amefanya nini na amechukua sekunde ngapi. Asiposoma kitu kwa dakika kadhaa, kompyuta huandika kuwa yuko nje ya kazi. Inaweza kuwa alikwenda msalani, alikuwa akitafuta bidhaa iliyowekwa mahali pasipo pake, au alisimama kumsaidia mwenzake.

Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa katika ghala moja la Baltimore watu wapatao 300 waliachishwa kazi kati ya Agosti 2017 na Septemba 2018 kwa kutofikia kiwango cha uzalishaji. Zilionyesha pia kuwa onyo lingeweza kuandaliwa na kompyuta yenyewe, ingawa msimamizi alikuwa na uwezo wa kulifuta.

Kampuni imekuwa ikikanusha kuwa ina viwango visivyobadilika, na imesema mtu anaweza kwenda msalani au kunywa maji bila kuadhibiwa. Juni 2021 ililegeza kipimo hicho, ikasema muda wa nje ya kazi utapimwa kwa wastani wa kipindi kirefu zaidi.

Wabunge wa California hawakuridhika. Walipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, inayomtaka mwenye ghala kubwa amweleze mfanyakazi kwa maandishi kiwango anachotakiwa kufikia, na inayokataza kiwango kinachomnyima mapumziko ya chakula au nafasi ya kwenda msalani. Mwaka 2024 jimbo hilo lilitangaza faini ya dola milioni 5.9 dhidi ya Amazon kwa kutotoa maandishi hayo katika maghala mawili. Kampuni iliipinga faini hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko. Watu wengi hawakatai kufanya kazi kwa bidii. Wanakataa kukimbizana na kipimo wasichokijua, ambacho jana kilikuwa hiki na leo ni kingine.

Dakika za foleni

Kero ya pili ni muda ambao mfanyakazi anautoa lakini haulipwi. Kwa kuogopa wizi, maghala mengi yamekuwa yakiwapekua wafanyakazi wanapotoka. Katika jimbo la Nevada, watu walioajiriwa na wakala aliyekuwa akiyapatia maghala ya Amazon wafanyakazi walikwenda mahakamani wakidai kuwa foleni ya upekuzi ilikuwa ikiwachukua hadi dakika 25 kila siku, baada ya saa za malipo kwisha.

Desemba 9, 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa wakikubaliana, kwamba kwa sheria ya nchi muda huo si wa kulipwa, kwa sababu kupekuliwa si sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Miaka saba baadaye, Julai 2021, mahakama ya juu ya jimbo la Pennsylvania iliamua tofauti. Ilisema kwa sheria ya jimbo hilo, muda ambao mwajiri anamlazimisha mtu kubaki eneo la kazi ni muda wa kazi.

Mchumaji wa chai anaijua habari hiyo bila kusoma hukumu. Ameshasimama na kikapu akisubiri mizani, karani hajafika, majani yanazidi kunyauka na kupungua uzito. Kijana wa bodaboda anaijua pia. Amefikisha kifurushi, mteja hapokei simu, na nusu saa imepita getini bila senti moja kuongezeka.

Dakika 25 kwa siku, kwa mtu anayefanya kazi siku nne kwa wiki, ni zaidi ya saa moja na nusu kila wiki. Kwa mwaka mzima zinapita saa 80, yaani zamu nane za saa 10. Mwajiri anaziona ni dakika chache. Mfanyakazi anaziona ni siku nane za maisha yake.

Mwili nao una hesabu

Kero ya tatu ni afya. Mwaka 2011 gazeti la The Morning Call la Pennsylvania liliandika kuwa katika ghala la Amazon karibu na mji wa Allentown joto lilikuwa kali kiasi kwamba magari ya wagonjwa yaliwekwa nje kuwasubiri watakaozidiwa. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kuwa imetumia dola milioni 52 kuweka viyoyozi katika maghala yake.

Viyoyozi viliondoa joto, lakini si uchovu wa viungo. Tangu kampuni iliponunua watengenezaji wa roboti mwaka 2012 kwa dola milioni 775, katika maghala mengi rafu ndizo zinazomfuata mtu. Zamani alilalamika kutembea kilomita nyingi kwa zamu moja. Sasa analalamika kusimama mahali pamoja akirudia tendo lile lile, kuinama na kunyoosha mkono, mamia ya mara kwa saa.

Kwa mujibu wa barua ya Bezos ya mwaka 2021, kiasi cha asilimia 40 ya majeraha ya kazini katika kampuni hiyo yalikuwa ya misuli na viungo, na huwapata zaidi watu walio katika miezi sita ya mwanzo. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Kila mzoefu anayeondoka, nafasi yake inachukuliwa na mgeni, na mgeni ndiye anayeumia zaidi.

Ghala linalovuja

Matokeo ya yote hayo yanaonekana mlangoni. Mwaka 2021 gazeti la The New York Times liliripoti kuwa idadi ya watu wa ghalani waliokuwa wakiondoka Amazon kwa mwaka ilikuwa kiasi cha asilimia 150. Kwa lugha nyepesi, kampuni ilihitaji kujaza nafasi zake zote, kisha nusu yake tena, ndani ya miezi 12. Gazeti hilo liliandika pia kuwa nyongeza ya uhakika ya mshahara kwa watu wa ghalani ilikuwa inakoma baada ya miaka mitatu. Aliyekuwa na nia ya kukaa hakuwa na cha kusubiri.

Mwaka 2022 ilifichuka taarifa ya ndani ya kampuni, iliyoandikwa mwaka mmoja kabla, ikionya kuwa kama mambo yangeendelea vile vile, hadi kufikia mwaka 2024 kampuni ingeweza kumaliza watu wa kuwaajiri nchini Marekani. Hilo halikutokea, na malipo yalipanda tena katika miaka iliyofuata. Lakini kampuni tajiri kiasi hicho kuogopa kuishiwa watu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 330, ni jambo la kutafakari.

Baadhi ya waliobaki waliamua kusema kwa pamoja. Aprili 1, 2022 ilitangazwa kuwa wafanyakazi wa ghala la Staten Island, New York, walipiga kura 2,654 dhidi ya 2,131 kukubali chama cha wafanyakazi, cha kwanza katika ghala la Amazon nchini Marekani. Januari 2023 wenzao wa Coventry waligoma, ukiwa mgomo rasmi wa kwanza wa kampuni hiyo nchini Uingereza.

Kampuni moja, saa tofauti

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo biashara ya mtandaoni: mteja anataka mzigo kesho, kwa hiyo mfanyakazi lazima akimbizwe leo. Hoja hiyo ina uzito. Mteja anayengoja siku tano atahamia kwa mwingine, na bila mteja hakuna mshahara.

Lakini Zappos, kampuni ya kuuza viatu kwa mtandao iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Amazon hiyo hiyo mwaka 2009, ilijulikana kwa njia nyingine. Wapokea simu wake huko Las Vegas hawakupangiwa dakika za kuzungumza na mteja wala hawakupewa maneno ya kukariri. Waliachiwa wamalize tatizo la mteja kwa muda unaotosha.

Zappos ilikuwa na desturi nyingine iliyowashangaza wengi. Mwajiriwa mpya alipokuwa mafunzoni aliambiwa kuwa akitaka kuacha kazi atalipwa siku alizofanya na kuongezewa fedha, kiasi kilichofikia dola 2,000. Waliokubali walikuwa wachache sana. Lengo lilikuwa kumpa asiyeipenda kazi njia ya kuondoka mapema, kabla hajawachosha wenzake na wateja. Amazon iliiga desturi hiyo kwa watu wake wa ghalani, ikafikisha dola 5,000, kama Bezos alivyoeleza katika barua yake ya mwaka 2014.

Ikumbukwe, hata hivyo, kuwa Zappos nayo ilijikwaa. Ilipoamua kuondoa vyeo vya umeneja na kuwataka watu wajisimamie wenyewe, mwaka 2015 kiasi cha asilimia 14 ya wafanyakazi walichukua fedha na kuondoka. Kumbana mtu kwa sekunde kunamchosha, lakini kumwacha bila kujua anamsikiliza nani kunamchosha pia.

Ni kweli kuwa simu si ghala, na kumsikiliza mteja si sawa na kubeba maboksi. Lakini mwenye mali alikuwa mmoja na wateja waliokuwa na haraka walikuwa wale wale. Kinachotofautisha ni uamuzi wa mwajiri kuhusu saa za mtu aliyemwajiri: kama ni mali ya kukamua hadi tone la mwisho, au ni kitu alichokikodi na kinachopaswa kutunzwa.

Funzo kwa duka dogo

Jumia, kampuni kubwa ya uuzaji wa mtandaoni barani Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Biashara yenyewe haikufa, bali ilihamia mikononi mwa wadogo. Leo muuza vitenge, muuza asali na muuza vifaranga hupokea oda kwa simu, hufungasha, hupeleka kifurushi kituo cha basi au humkabidhi kijana wa bodaboda. Kila mmoja wao, akiajiri hata mtu mmoja, tayari ana ghala lake na ana zamu ya kupanga.

Hawezi kulipa dola 22 kwa saa, na hakuna anayemtaka afanye hivyo. Lakini mambo mengi yaliyowakera watu wa Amazon hayahitaji fedha nyingi kuyarekebisha, na mengine yamo tayari katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Kwanza, kazi na malipo yaandikwe. Sheria hiyo inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi aina ya kazi, saa na ujira wake. Karatasi moja inatosha. Kiwango kinachojulikana kinaweza kulalamikiwa na kurekebishwa, ila kilicho kichwani mwa tajiri hakina mlango wa kubisha hodi.

Pili, mapumziko yaheshimiwe. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili angalau saa moja ya kupumzika, na muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Muuzaji anayekula ugali huku akihudumia wateja hajapumzika, hata kama amekaa kwenye kiti.

Tatu, muda wa kusubiri uwe na mwenyewe. Kama karani wa mizani amechelewa, kama gari la mzigo halijafika, kama mteja hapokei simu, kosa si la kibarua. Wakubaliane mapema nani ataubeba muda huo. Hata shilingi chache zinaonyesha kuwa mwajiri ameuona.

Nne, anayekaa apate sababu ya kukaa. Nyongeza ndogo kila msimu, au kufundishwa kuweka hesabu na kuagiza mali, kunamfanya kijana aione kesho yake ndani ya duka hilo.

Mfanyakazi mzoefu wa duka la pembejeo anajua mkulima wa kijiji kipi alinunua mbegu ipi msimu uliopita, nani hulipa deni baada ya mavuno na nani wa kuambiwa kwa upole kuwa leo hakuna mkopo. Maarifa hayo hayamo kwenye daftari. Akiondoka anaondoka nayo, na mara nyingi hufungua duka lake mtaa wa pili, na wateja wakamfuata.

Amazon iliweza kumpoteza mtu mmoja na kumpata mwingine kesho yake, na hata hivyo ikafika mahali ikaingiwa na hofu. Mwenye duka dogo hana foleni ya waombaji mlangoni. Anayemtegemea ni yule aliyesimama nyuma ya kaunta sasa hivi, na kabla ya kumwuliza ameuza kiasi gani, ni vema ajue amesimama hapo tangu saa ngapi.